Hesabu anazohitaji mhandisi kazini: mwongozo kwa njia ya mradi mmoja wa maji

Mhandisi anayemaliza chuo leo hukuta ofisini kompyuta zenye programu zinazotatua kwa sekunde chache milinganyo aliyoitolea jasho miaka yote ya masomo. Baadhi ya vijana huona hivyo na kuhitimisha kwamba hisabati ilikuwa ya kufaulia mitihani tu. Mimi naona kinyume chake. Programu hutoa jibu kwa takwimu zozote inazolishwa, ziwe sahihi au potofu, na anayetia saini kwenye mchoro ni mtu. Kwa hiyo ujuzi ambao ofisi inauhitaji kuliko mwingine wote ni uwezo wa kulitazama jibu la kompyuta na kusema, kwa hoja inayoeleweka, kama linawezekana au haliwezekani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wahitimu walio katika miaka mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi nchini Tanzania, kwa wenzao wa Kenya na Uganda walio katika hatua kama hiyo, na kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimechagua mradi mmoja wa kufikirika, ila wa aina inayojengwa kila mwaka katika wilaya zetu: kusukuma mita za ujazo 50 za maji kwa saa, kwa saa 10 kwa siku, kutoka kwenye chanzo hadi kwenye tanki lililo juu zaidi kwa mita 52, kupitia bomba la kilomita mbili. Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo, kisha ufuate hesabu moja baada ya nyingine. Mhandisi wa umeme au wa mitambo atakuta fikra hizi hizi katika kazi yake, ingawa majina yatabadilika.

Hatua ya kwanza: panga vizio kabla ya namba

Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa matokeo kwa vizio vya Kiingereza vya pauni na sekunde, huku programu iliyoyapokea ikiyasoma kama nyutoni na sekunde. Tofauti kati ya viwili hivyo ni takriban mara 4.45. Wahandisi waliohusika walikuwa na elimu ya juu kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kukagua kizio mahali ambapo kazi ya timu moja ilikabidhiwa kwa timu nyingine.

Kwetu hatari hiyo iko kila siku, kwa kuwa tunanunua bomba kwa inchi, mota kwa nguvu za farasi na geji za presha kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba) au bar, kisha tunasanifu kwa mita na kilowati. Weka kichwani mabadilisho machache: farasi mmoja ni takriban wati 746, bar moja ni sawa na safu ya maji ya mita 10.2, psi moja ni takriban mita 0.70 za maji. Katika mradi wetu, mita za ujazo 50 kwa saa ni lita 13.9 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 0.0139 kwa sekunde. Andika kizio katika kila mstari wa hesabu, hata pale unapoona ni dhahiri, na katika lahajedwali kitengee safu yake pembeni ya namba. Mstari ambao vizio vyake havikatani vizuri hadi mwisho una kosa, na utaligundua kabla ya mtu mwingine.

Hatua ya pili: kisia kwa mkono kabla ya kufungua programu

Anza na swali la matumizi. Mita za ujazo 500 kwa siku, tukimpa kila mtu lita 50, zinatosha watu 10,000. Robo ya maji ikivuja njiani, wanaopata ni 7,500. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini ndiyo inayoamua ukubwa wa kila kitu kinachofuata, na nimeona ripoti nene zenye michoro mizuri ambazo hazikuwahi kuifanya waziwazi.

Kisha nguvu ya pampu. Nguvu inayoingia kwenye maji ni zao la uzito wa maji kwa mita ya ujazo (nyutoni 9,810), mtiririko na kimo chote cha kusukuma. Kimo hicho ni mita 52 za mwinuko pamoja na kile kinacholiwa na msuguano ndani ya bomba, ambacho kwa sasa tukikadirie kuwa mita 8, jumla mita 60. Hivyo 9,810 mara 0.0139 mara 60 inatupa takriban wati 8,200. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 65 itahitaji kilowati 12.6 kwenye shafti yake, kwa hiyo tutatafuta mota ya kilowati 15. Na mota yenyewe ikiwa na ufanisi wa asilimia 90, umeme utakaovutwa ni kilowati 14.

Sasa hakiki kwa njia nyingine isiyotegemea ile ya kwanza. Kilowati-saa moja, kama hakuna upotevu wowote, huinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita 367. Kuinua kwa mita 60 basi kunahitaji kilowati-saa 0.163, na tukigawa kwa ufanisi wa pampu na mota kwa pamoja, yaani 0.585, tunapata 0.28 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa mita za ujazo 50 kwa saa: kilowati 14. Njia mbili zimekutana. Kuanzia hapa, programu ikikuambia unahitaji mota ya kilowati 55, au ya kilowati 4, hutatikisika. Utajua kwamba kuna takwimu iliyoingizwa vibaya na utaanza kuitafuta.

Hatua ya tatu: jua jibu linavyobadilika

Huu ndio moyo wa hisabati ya uhandisi, na ndipo kalkulasi uliyosoma inapolipa. Mteja hakuulizi tu jibu ni ngapi. Anauliza: je, tukipunguza kipenyo cha bomba ili kuokoa fedha, itakuwaje?

Msuguano ndani ya bomba, kwa mlinganyo wa Darcy na Weisbach, huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya maji na hupungua kipenyo kinapokua. Kwa mtiririko ule ule, ukiunganisha athari zote mbili, upotevu hubadilika kinyume na kipeo cha tano cha kipenyo. Fanya hesabu kwa kigawe cha msuguano, yaani namba inayoonyesha jinsi bomba linavyoyazuia maji, cha 0.02. Bomba la milimita 150 lina kasi ya mita 0.79 kwa sekunde, na upotevu wake katika kilomita mbili ni mita 8.4, karibu sana na kile tulichokisia. Bomba la milimita 100 lina kasi ya mita 1.77 kwa sekunde na upotevu wa mita 64. Mara saba na nusu, kwa kupunguza kipenyo kwa theluthi moja tu. Kimo chote kinapanda kutoka mita 60 hadi 116, na umeme kutoka kilowati 14 hadi 27.

Tofauti ya kilowati 13, kwa saa 10 kila siku, ni zaidi ya kilowati-saa 47,000 kwa mwaka. Izidishe kwa bei ya umeme ya eneo lako, nawe una akiba ya kila mwaka ya kulinganisha na gharama ya ziada ya bomba kubwa. Hapa ingiza hesabu ya fedha na wakati, ambayo wahandisi wengi huwaachia wahasibu bila sababu. Kwa riba ya asilimia 10, shilingi moja inayookolewa kila mwaka kwa miaka 20 ina thamani ya takriban shilingi 8.5 leo, wala si 20. Ukimpelekea mkurugenzi hoja iliyokokotolewa hivyo, atakuelewa, kwa sababu umezungumza lugha ya bajeti yake ukiwa umesimama juu ya fizikia sahihi.

Kipo pia kile kinachobadilika kwa wakati. Maji yanayotembea yakisimamishwa ghafla, kwa valvu kufungwa kwa pupa au umeme kukatika, wimbi la presha husafiri ndani ya bomba. Katika bomba la chuma kasi ya wimbi hilo inaweza kufika mita 1,200 kwa sekunde, na ukizidisha kwa kasi ya maji ya mita 0.79 na kugawa kwa 9.81, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, unapata mtikisiko wa presha wa mita 96 za maji, ambao ni mkubwa kuliko kimo chote tunachosukuma. Katika bomba la plastiki kasi ya wimbi hushuka sana, mara nyingi hadi mita 300 au 400, na mtikisiko hupungua kwa kiwango hicho hicho. Wimbi hukimbia hadi mwisho wa bomba na kurudi kwa muda wa mara mbili urefu gawanya kwa kasi yake: sekunde 3.3 kwa chuma. Valvu inayofungwa kwa muda mfupi kuliko huo ni sawa na iliyofungwa papo hapo. Hesabu ya presha ya kawaida peke yake haitakuonyesha jambo hili kamwe, na ndiyo maana mabomba yaliyopita majaribio vizuri hupasuka usiku umeme unapokatika.

Hatua ya nne: hakikisha namba za ardhi zinatoka katika mfumo mmoja

Mwinuko wa mita 52 ulitoka wapi? Uliza kabla ya kuendelea. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimechorwa kwa mfumo wa kuratibu wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS na simu hutumia WGS 84. Nukta ile ile ikisomwa katika mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa takriban mita 300 ardhini, zaidi katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwa bomba la kilomita mbili, hilo linatosha kulipitisha katika shamba la mtu asiyehusika na mradi.

Urefu kutoka usawa wa bahari una mtego wake. Kipokezi cha satelaiti hupima urefu kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, na katika pwani ya Afrika Mashariki umbo hilo liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, hivi kwamba chombo kinaweza kusoma namba hasi ukiwa umesimama ufukweni. Baadhi ya vifaa hujirekebisha vyenyewe, vingine havifanyi hivyo. Chanzo na tanki vikipimwa kwa kifaa kimoja kwa mpangilio mmoja, kosa hilo hujifuta katika kutoa. Lakini kimoja kikitoka kwenye ramani na kingine kwenye simu, mita 52 zinaweza kugeuka kuwa chini ya 30 au zaidi ya 70, na pampu itakayonunuliwa haitafaa. Kwa hiyo jifunze trigonometria ya upimaji na programu ya ramani ya QGIS, ambayo hupatikana bure, hadi uweze kubadilisha mfumo wa kuratibu wewe mwenyewe. Halafu, kwa usanifu wa mwisho, mtumie mpima ardhi mwenye vifaa vya kusawazisha.

Hatua ya tano: soma takwimu za vipimo kama takwimu

Tanki letu litakaa juu ya nguzo za zege. Mchoro umeandika daraja C25/30, na namba ya pili inahusu kyubu, yaani kipande cha zege cha mchemraba kinachovunjwa maabara ili kupima nguvu yake: megapaskali 30 zikipimwa siku ya 28. Kyubu ya milimita 150 ina uso wa milimita za mraba 22,500, kwa hiyo mashine ya maabara inapaswa kusoma takriban kilonyutoni 675 kabla haijavunjika. Kariri namba hiyo. Itakuwezesha kusoma kipimo cha mashine ukiwa umesimama mbele yake, bila kungoja cheti.

Hata hivyo, megapaskali 30 si wastani unaotakiwa. Ni kiwango ambacho kyubu zisizozidi asilimia 5 zinaruhusiwa kukosa kukifikia. Fundi akilenga wastani wa 30 kamili, karibu nusu ya zege lake litakuwa chini ya kiwango. Wastani wa kulenga hupatikana kwa kuongeza mara 1.64 ya mchepuko sanifu, ambao ni kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kandokando ya wastani. Katika eneo ambako mchepuko ni megapaskali 5, wastani uwe 38. Mchepuko ukishuka hadi 3, wastani wa 35 unatosha. Maana yake kwa mfuko wa mkandarasi ni kubwa: anayepima mchanga, kokoto, saruji na maji kwa uangalifu kila mara anatumia saruji pungufu kwa usalama ule ule. Mweleze hivyo, kwa hesabu, naye atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kununua mizani.

Usikubali pia kyubu tatu ziwakilishe kazi ya mwezi mzima. Wastani wa vipimo vichache huyumba sana, na mtu mwenye haraka anaweza kuona ndani yake chochote anachotaka kuona. Chora matokeo yote kwenye grafu moja kwa mpangilio wa tarehe, nawe utaona mapema kama ubora unashuka polepole, kabla ya kyubu hata moja kushindwa.

Hatua ya sita: tumia programu, kisha ijaribu

Sasa fungua kompyuta. Kwa mtandao wa mabomba, EPANET ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani hutolewa bure na hutumiwa sana. Ndani yake kuna matriksi zile zile za aljebra ulizosoma: kila makutano ya mabomba hutoa mlinganyo mmoja unaosema kwamba maji yanayoingia ni sawa na yanayotoka, na kila bomba hutoa mwingine kuhusu upotevu wa presha. Mwaka 1936 mhandisi Hardy Cross alichapisha njia ya kuitatua milinganyo hiyo kwa kalamu, kwa kukisia na kusahihisha mara kwa mara. Itende njia hiyo kwa mkono kwenye mtandao wa mizunguko miwili. Itakuchukua alasiri nzima, na baada ya hapo ujumbe wa programu kwamba imeshindwa kufikia jibu utakuwa na maana kwako.

Kila programu mpya ipe kwanza tatizo ambalo jibu lake unalijua. Iwekee bomba letu moja la milimita 150 uone kama itarudisha mita 8.4, au karibu na hapo kulingana na mlinganyo wa msuguano uliochagua. Kisha fanya mtiririko kuwa sifuri. Presha zote zilingane na miinuko pekee. Kisha jumlisha maji yote yanayoingia na yanayotoka. Majaribio haya matatu huchukua dakika chache.

Katika programu za majengo zinazogawa muundo katika vipande vidogo vidogo, punguza ukubwa wa vipande kwa nusu na ukokotoe upya. Jibu likibadilika sana, bado hujapata jibu. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama katika ghuba nyembamba ya bahari nchini Norwei ulipokuwa ukijaribiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipande vya kompyuta katika sehemu nyeti vilipangwa vibaya, nguvu ya mkato ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na kuta zikajengwa nyembamba mno. Kukokotoa boriti moja kwa mkono mahali pale kungezua maswali.

Kuhusu lahajedwali na Python, lugha ya kuandikia programu, sitasema mengi. Jifunze vyote viwili kwa kazi halisi, kwa mfano kuchora gharama ya mradi wetu kwa kila kipenyo cha bomba kuanzia milimita 80 hadi 250. Usiandike namba ndani ya kanuni. Iweke kwenye seli yake yenye jina na kizio. Ukitumia programu ya akili mnemba kukuandikia msimbo, upitishe katika majaribio yale yale matatu, kwa kuwa maelezo yake yenye ufasaha hayathibitishi kwamba hesabu ni sahihi.

Hatua ya saba: andika ili mwingine aweze kukagua

Karatasi ya hesabu ianze na dhana: idadi ya watu, lita kwa mtu, kigawe cha msuguano, ufanisi wa pampu, na chanzo cha kila moja. Kigawe cha 0.02 tulichokitumia hakijulikani kwa usahihi wa sehemu elfu, kwa hiyo kuandika kwamba upotevu ni mita 8.3957 ni kumdanganya msomaji; andika 8.4. Mpe mhandisi mwingine, ikiwezekana mkubwa wako kazini, aikague bila wewe kuwa pembeni yake, na maswali atakayouliza yaingize kwenye daftari lako la mafunzo pamoja na majibu, kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia siku ya usaili wa usajili.

Hatua ya nane: pima ulichojenga

Siku ya kuwasha pampu, nenda na karatasi yako. Kwa umeme wa fezi tatu, mkondo hupatikana kwa kugawa nguvu kwa zao la kipeuo cha pili cha 3, volti na kigezo cha nguvu, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi. Kilowati 14, volti 400 na kigezo cha 0.85 vinatoa takriban ampea 24. Iandike namba hiyo kabla swichi haijawashwa, pamoja na presha ya mita 60 na mtiririko wa lita 13.9 kwa sekunde, kisha usome geji, mita ya maji na klampu mita (kifaa cha kupimia mkondo wa umeme) kwa wakati mmoja. Mtiririko na mkondo vikiwa chini huku presha ikiwa juu, tafuta valvu iliyofungwa nusu au bomba lililoziba. Mtiririko na mkondo vikiwa juu huku presha ikiwa chini, maji yanatoka mahali kabla ya tanki, au mwinuko haukuwa mita 52. Vyote vikiwa ndani ya asilimia 10 ya hesabu, andika usomaji huo, tarehe na saa kwenye ubao wa chumba cha pampu, ili mwendeshaji awe na namba za kulinganisha mwakani pampu itakapoanza kuchakaa.